Bustani Isiyo na Kiwavi

Vipepeo wa bondeni mkewe aliwaita wake wenza. "Wake wenzangu hawajambo?" ndivyo alivyompokea mumewe kila Jumapili aliporudi kutoka bondeni, suruali imenasa mbegu za magugu na kisogo kimebabuka kwa jua. Naye mume alijibu kwamba hawajambo, wanamsalimu sana. Utani huo ulikuwa umechakaa kama kitasa cha mlango wao, lakini wawili hao walioana zamani, na watu waliooana zamani hawatupi kitu kwa sababu tu kimechakaa.

Mtaani alijulikana kama Fundi Miwani. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa alilijua yeye, mkewe na watu wa kodi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba kilichobanwa kati ya duka la dawa na fundi simu aliyepiga muziki tangu asubuhi. Ndani mlikuwa na meza ya kazi na taa ya shingo ndefu, ubao wa herufi ukutani, kubwa juu na ndogo chini, ambao nusu ya wateja walikuwa wameshaukariri, na droo zilizojaa skrubu ndogo kama mbegu za nyanya na mikono ya miwani iliyopotelewa na wenzake. Alikuwa hodari wa kazi na mwepesi wa maneno. Mteja akija kulalamika kwamba miwani mipya inamtia kizunguzungu, alimwambia atulie, si miwani inayomzungusha, ni dunia ndiyo ameiona ilivyo.

Nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa kulikuwa na bonde ambalo mtu mwenye shughuli zake hakuwa na sababu ya kulitazama mara mbili. Kijito chembamba, vichaka, mawe, na mimea inayotambaa iliyokumbatia kila kitu mpaka nguzo za umeme. Fundi alilitazama kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Alikuwa na kopo la rangi alilolipindua likawa kiti, kioo cha kukuzia alichokitoa dukani, na subira ambayo mkewe aliapa hajawahi kuiona ikitumika nyumbani. Aliketi akatulia mpaka vipepeo wakasahau kwamba yupo.

Walikuwapo wa manjano, wa kijivu, na wale weusi wakubwa wanaopita kama watu waliochelewa kazini. Lakini aliyemteka moyo ni mmoja ambaye mtaani hakuwa na jina, Fundi akamwita Kioo. Mabawa yake ya mbele hayakuwa na ule unga wa rangi unaobaki vidoleni. Yalipenya mwanga, na karibu na mwili palikuwa na wekundu kidogo na madoa meusi machache, kana kwamba fundi rangi aliianza kazi kisha akaitwa chakula. Fundi alishikilia kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia bawa la Kioo. Mtu aliyeishi kwa kukata vioo angeachaje kumpenda mdudu wa namna hiyo? Alimpenda waziwazi, bila haya, na mkewe alimvumilia.

Nao walikuwa wakipungua. Zamani ungewahesabu ukachoka. Baadaye ulichoka kwa kuwasubiri. Juu ya bonde walifungua mahali pa kuosha magari, povu na mafuta vikateremka kijitoni. Ng'ambo walilima mboga, wakazipulizia dawa mpaka nyuki nao wakahama. Waliobaki walileta takataka zao bondeni wakazichoma, na moto ukila takataka haubagui, hula na kichaka. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila sababu ukiisikiliza ilikuwa na haki. Fundi alizisikiliza, akarudi kuketi kwenye kopo lake, kila mwaka akilisogeza ndani zaidi ambako bado kulikuwa na kitu cha kutazama.

Sasa kuna jambo ambalo wapenda vipepeo wote wanalijua na hawapendi kulisema mbele ya wageni. Kipepeo ni kiwavi aliyenusurika. Kabla ya kuwa na mabawa yake ya kupendeza, Kioo alikuwa mdudu mweusi mwenye miiba mwili mzima, anayeishi kwa makundi, ndugu kwa ndugu wamerundikana juu ya mmea mmoja wakiutafuna mpaka ubaki vijiti. Mmea wenyewe ni ule unaotambaa, wenye majani ya vidole vitatu, ukiyavunja yananuka vibaya. Huo, na si mwingine. Mwekee kiwavi wa Kioo jani la waridi au jani la mwembe, atalikalia mpaka afe njaa. Mama yake anajua hivyo, ndiyo maana hatagi kwingine. Hata kiwavi mwenyewe, kwa miiba yake yote, hamdhuru mtu. Ni sura tu aliyopewa ya kutishia ndege.

Hayo yote Fundi aliyajua kama alivyojua namba za vioo vyake. Mtu mmoja tu hakumwambia, naye ni bintiye.

Binti huyo ndiye mtoto wao wa pekee, aliyekuja wakati mama yake ameshaanza kugawa nguo za kitoto kwa majirani. Alipoanza kutembea vizuri, baba alimchukua bondeni, na siku ya kwanza tu mtoto aliegemea ua uliokuwa na viwavi wa manyoya, jamii nyingine kabisa, wale wanaowasha kweli. Mkono ulivimba mpaka kiwiko kikapotea. Alilia siku nzima, na tangu hapo neno lenyewe likitajwa alipandisha miguu juu ya kiti. Bondeni akaapa harudi.

Fundi hakuweza kukubali kumpoteza mwenzake wa safari mapema hivyo. Akamwambia, "Kule hakuna viwavi, mama. Kuna mabawa tu." Uongo wa baba kwa mtoto, mdogo, wa kupita. Mtoto akarudi. Fundi alimketisha upande wa jua penye maua, mbali na ile mimea inayotambaa, na kila viwavi walipojitokeza alimgeuza kichwa, mama tazama kule, tazama yule wa manjano. Msichana akakua akiwapenda vipepeo kama tunavyowapenda wageni tunaowaona wakiwa wamevaa tu. Uongo wa kupita haukupita. Akavunja ungo, akamaliza shule, akasomea mambo ya bustani kwa sababu ya baba yake, ambako kiwavi alitajwa kama adui wa kupuliziwa dawa tu, akaajiriwa manispaa kwa majaribio, bado hajui Kioo anatoka wapi.

Mwaka huo huo ikasikika kwamba bonde litafukiwa liwe maegesho ya magari. Fundi hakulala vizuri, hakula vizuri, na duka la dawa likamshuhudia akimfungia mteja kioo cha kushoto upande wa kulia. Manispaa iliita wananchi watoe maoni mbele ya kamati, naye akapiga moyo konde kwamba atakwenda kusema. Ila hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, kwa hiyo akamwendea shemeji yake, kaka wa mkewe, mtangazaji wa redio aliyestaafu na ambaye mpaka leo akiomba chumvi mezani unadhani anasoma taarifa ya msiba.

Shemeji alimsikiliza akiwa amefumba macho. Fundi alianza na mayai, akaja kwa viwavi na jinsi wanavyokula mmea mmoja tu, ndipo akafika kwenye mabawa.

"Shemeji," Mtangazaji akasema, "wewe unataka kuliokoa bonde au unataka kuwatia watu kichefuchefu? Hao wadudu waondoe. Acha mabawa."

"Lakini bila wadudu hakuna mabawa."

"Hilo unalijua wewe. Wanaopiga kura wanachojua ni kujikuna."

Fundi akacheka, akawaondoa. Lilionekana jambo dogo, la kupamba hotuba tu. Na hotuba ilipambika. Mbele ya kamati alieleza mabawa ya kioo yanavyopokea jua la asubuhi, alieleza maua, alieleza wazee na watoto watakavyopumzika, wala hakutamka neno moja ambalo lingemfanya mtu ajikune. Mjumbe mmoja alivua miwani akaifuta, miwani ambayo Fundi mwenyewe alimuuzia. Maegesho yakapelekwa kwingine. Bonde likaamuliwa kuwa Bustani ya Vipepeo, na kazi ya kuisimamia akapewa yule mfanyakazi mpya wa idara ya bustani, kwa kuwa ni mtoto wa mwenye wazo. Akiifanya vizuri, ajira yake itakuwa ya kudumu.

Nyumba yao haikuwahi kuwa na furaha kama hiyo. Bonde likazungushiwa mabati, na binti akamkataza baba yake kuchungulia, anataka alione siku ya kufunguliwa, kama zawadi. Mtu aliyelichungulia bonde hilo maisha yake yote akaambiwa asichungulie, na akatii. Jumapili alibaki nyumbani akimsumbua mkewe, ambaye alisema sasa ndiyo ameelewa faida ya kuwa na wake wenza.

Jioni binti alipitia kwao kula na kumuuliza baba maswali. Vipepeo wanapenda nini? Maua, mama. Ya namna gani? Yenye utamu ndani, yaliyofunguka. Wanapenda kivuli au jua? Jua, na mahali penye tope kidogo la kunywea. Binti alikubali kwa kichwa huku akitafuna. Mara moja Fundi alifungua mdomo aongeze kwamba kuna na mmea fulani. Akamwona mtoto ananyanyua tonge, akakumbuka ile miguu inavyopanda kitini, akasema ataeleza siku nyingine wasipokuwa wanakula. Mimi huwa nikifika hapa hasira zinanipanda. Mtu mzima, mwenye ulimi mwepesi kwa wateja wasiomhusu, anashindwa kumwambia mwanawe neno moja kwa sababu ya tonge.

Siku ya kufunguliwa walivaa. Fundi alivalia koti alilooa nalo, mkewe akalilegeza mshono mgongoni. Walikalishwa viti vya mbele, karibu na Mkuu wa Idara. Mabati yalipoondolewa watu walipiga makofi, na Fundi akatazama.

Nyasi. Ukoka umelazwa kutoka ukingo hadi ukingo, kijani, umekatwa sawasawa kama kichwa cha askari. Njia za matofali. Waridi na maua mengine ya kununuliwa, yamepangwa kwa rangi, yaking'aa kwa dawa ya dukani. Bakuli za tope kwa ajili ya kunywea, kama alivyosema. Jua kila mahali, kama alivyosema. Katikati kipepeo wa zege mwenye urefu wa mtu, amepakwa rangi ambazo hakuna kipepeo aliyewahi kuzivaa. Ya mimea inayotambaa hakukuwa na hata mzizi. Fundi aliitafuta kwa macho kuanzia kijitoni hadi nguzo za umeme, na nguzo zenyewe zilikuwa zimesuguliwa zikapakwa chokaa. Upande wa juu tu, ng'ambo ya ukuta mpya, kilionekana kipande kimoja cha bonde la zamani, bado kimevaa majani yake ya vidole vitatu.

Binti akamwinamia sikioni. Alikuwa amependeza. "Nimefuata kila neno lako, Baba. Halafu usiwe na wasiwasi, kulikuwa na viwavi weusi wa kutisha, wengi ajabu, sijui walitoka wapi. Nilisimamia mwenyewe mpaka dawa ikawamaliza. Hajabaki hata mmoja."

Fundi alizitazama tena nguzo zilizopakwa chokaa. Akasema, "Ahsante, mama." Sauti ilitoka yenyewe.

Wakati huo huo Kioo mmoja aliruka ukuta akaingia bustanini. Alikuwa jike, tumbo limejaa. Watu wakanyoosheana vidole. Alitua juu ya jani la waridi, akaligusagusa kwa miguu, akaondoka. Akatua kwenye ukoka, akagusa, akaondoka. Akaenda jani hadi jani, ua hadi ua, akashuka hata kwenye lile zege akaligusa na lenyewe. Mama wa kipepeo huonja kwa miguu. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka watoto wake, palipokuwapo juzi tu. Watu walidhani anacheza. Walimpigia makofi, na Mtangazaji, aliyekuwa ameshika kipaza sauti, akatangaza kwamba mgeni rasmi wa kweli amewasili na kufurahishwa na maandalizi. Hata Mkuu wa Idara alicheka. Binti alimtazama baba yake machozi yakimlengalenga.

Kisha wakampa Fundi kipaza sauti. Nataka tuwe waadilifu kwake. Alichokuwa nacho mkononi ni maneno machache tu: mmewaua, na kile kipande cha juu msikiguse. Angeyasema, kipande kingepona. Lakini ajira ya mtoto wake ilikuwa imekaa kiti cha pili kutoka kwake, imekunja nne, na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya watu wote akiwa na furaha ambayo baba hupewa kuiona mara chache. Angeivunjaje, tena kwa kosa lililokuwa lake? Alifyata ulimi. Alishukuru manispaa, alishukuru kamati, alisema bustani ni nzuri kuliko alivyoiota. Walimvika kilemba cha ukoka na ukoka wenyewe uko chini ya miguu yake, naye akakivaa. Mkuu wa Idara akasimama akasema kwamba, kwa kuwa mtaalamu mwenyewe ameridhika kiasi hicho, na kipande cha juu nacho kitatengenezwa vivyo hivyo kabla ya mvua. Watu wakapiga makofi. Fundi naye akapiga.

Alikusudia kumwambia binti siku ile ile. Lakini nyumbani kulikuwa na wageni, mama mtu akilia kwa furaha jikoni, na shemeji akirudia hotuba yake kwa waliokuwapo na wasiokuwapo. Akasema kesho. Kesho yake barua ya ajira ikatoka. Huwezi kumharibia mtu siku ya barua, akasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata binti alikuwa na mafua. Sababu hazikosekani kwa anayezitafuta, na Fundi alizitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta vipepeo.

Mkewe alimjua. Alimuuliza nini kinamkwaza, na Fundi akamweleza yote, wamekaa kitandani kila mtu upande wake. "Basi mwambie mtoto," mke akasema. "Mapema, kabla hawajapanda kule juu."

"Nitamwambia."

"Wewe kazi yako kuwavisha watu miwani. Nyumbani unatuvisha ya mbao."

Hakuwa anatania, na utani wa wake wenza haukusikika tena kwa muda mrefu.

Fundi hakusema. Alichofanya ni kupanda upande wa juu na jembe dogo na makopo ya rangi, asubuhi moja kabla ya kufungua duka, kama mwizi. Aling'oa mimea michache inayotambaa pamoja na viwavi wake, akaipanda makoponi, akayapanga nyuma ya jiko alikodhani binti hafiki. Ule si mmea wa kuhamishwa. Mizizi yake hushuka mbali, na jembe lilikuwa limeikata. Majani yalianza kulegea, kisha kugeuka manjano, na viwavi wakayawahi kuyala kabla hayajakauka. Siku chache baadaye wafanyakazi wa manispaa walipanda kule juu na mapanga na pampu za dawa. Fundi aliwasikia akiwa dukani, injini ya pampu ikinguruma toka ng'ambo ya kiwanda. Alikuwa anamkazia mtu skrubu. Aliikaza mpaka fremu ikakatika.

Mvua za kwanza zikanyesha wiki moja, zikaacha. Ulikuwa msimu ambao bonde la zamani lilijaa mabawa, na bustani mpya ilijaa waridi. Watu walikuja na kamera wakapiga picha na lile zege. Walinzi wakaanza kuiita Bustani ya Kipepeo, mmoja. Mkuu wa Idara alimwita binti ofisini akamuuliza, kwa upole ambao haukumpendeza, vipepeo wataanza kazi lini. Binti alipanda maua zaidi. Alibadilisha tope la kwenye bakuli kwa mikono yake. Saa za chakula alishinda pale kwenye benchi akiwasubiri, na jioni alimuuliza baba yake mbona hawaji. Fundi akamwambia watakuja, mama, wanazoea.

Jumamosi moja alikuja mchana, amechoka, akaenda nyuma ya jiko kunawa kwenye bomba kwa sababu la ndani lilikuwa limekatika maji. Fundi alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma anakula chungwa. Alipoyakumbuka makopo, binti alikuwa ameshasimama mbele ya makopo yenyewe.

"Baba, hili si lile gugu la bondeni?"

Fundi akaweka chungwa chini. "Ndilo."

"Umelipanda wewe?"

"Nimelipanda mimi."

Karibu mimea yote ilikuwa imebaki vijiti. Kwenye kopo la mwisho palikuwa na majani mawili ya manjano, na viwavi weusi wachache wa miiba, wadogo kuliko walivyopaswa kuwa, wametulia kwa njaa. Juu ya ukingo wa kopo mmoja aliyewahi kumaliza kukua alikuwa ameshapasua kifuko alichojifungia ageuke kipepeo, na mabawa yake yalikuwa bado yana unyevu, yamejikunja, yakionyesha rangi ya kopo upande wa pili. Binti aliyatazama mabawa. Akamtazama kiwavi aliyekuwa chini yake. Alitazama juu na chini mara kadhaa, na Fundi aliona kila kitu kikimwingia, kimoja kimoja, kama mtu anavyosoma ule ubao wa herufi kutoka juu kwenda chini.

"Ni hao hao," binti akasema.

"Ni hao hao."

"Wanakula hili peke yake?"

"Hili peke yake, mama."

"Ulijua toka lini?"

Angeweza kusema uongo wa mwisho. Alikuwa na uzoefu. "Kabla hujazaliwa," akajibu.

Mama mtu alikuwa ametokea dirishani na mwiko mkononi. Binti hakupaza sauti. Aliuliza kama siku ya kufunguliwa, alipomwinamia sikioni, baba alijua. Fundi akasema alijua. Akauliza kama kile kipande cha juu kilikuwa bado kizima siku ile. Fundi akasema kilikuwa kizima, kilikuwa na kila kitu, na kwamba alinyamaza kwa ajili yake, asimfedheheshe mbele ya wakubwa zake, asimharibie kazi.

"Ningefedheheka siku moja, Baba," binti akasema. "Watu wangecheka, wangesahau. Sasa ni mimi niliyewamaliza, na ndiyo kazi yangu ya kudumu. Nitapita pale kila siku mpaka nistaafu."

Fundi akaliokota lile chungwa, akaliweka chini tena.

Binti akachuchumaa mbele ya kopo. Miguu haikupanda popote. Alinyoosha kidole, cha mkono ule ule uliowahi kuvimba, akakiweka karibu na jani na kungoja. Kiwavi mmoja aliinua kichwa, akasita, akapanda. Alitembea juu ya ukucha, juu ya kiungo cha kidole, miiba yake yote ikigusa ngozi. Binti alikuwa amebana meno akisubiri maumivu. Alisubiri, alisubiri, na hayakuja.

"Hawa hawawashi," akasema.

"Hawawashi. Hawajawahi kumuwasha mtu."

"Kwa hiyo hata hili hukuniambia."

Alimrudisha kiwavi polepole, akamweka juu ya kijiti kisicho na jani. Kisha akanawa mikono, akamuaga mama yake tu, akaondoka.